Kushoto Wazi

Jumatatu, 3 Machi

Nimethibitishwa kazini! Sasa ni mpima macho kamili, si yule "msichana wa majaribio" tena. Daktari mkuu aliniita ofisini, akanisifu kidogo, kisha akanishushia mzigo: kuanzia mwezi ujao nitazungukia shule za pembezoni kupima watoto. Peke yangu. Na sanduku la lenzi, na chati, na meza ya kukunja. Nikamuuliza nitafikaje huko na vyote hivyo. Akasema kituo chetu cha macho kitanidhamini mkopo benki, nitafute gari. "La akili," akasema. "Si la kuringia."

La akili! Mimi tangu mwaka wa kwanza chuoni naota kigari chekundu chenye paa la kufunguka. Nimekiaga leo kwenye korido, kimyakimya.

Nyumbani nilitoa habari wakati wa chakula. Mama alipiga makofi. Baba aliinuka, akaingia chumbani, akarudi amevaa lile koti lake la kazi, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Mama akacheka mpaka akapaliwa. Baba amekuwa dereva maisha yake yote — malori kwanza, kisha gari la mkurugenzi mpaka alipostaafu. Ofisini walimwita Kapteni. Hakuwahi kugonga hata kuku.

"Kazi ya kuchagua niachie mimi, mama," akaniambia. Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Wewe utatia saini tu."

Nikajua hapo hapo kwamba sitapumua.

Jumatano, 5 Machi

Kila mtu ana gari lake la kunishauri. Mlinzi wa kituo: chukua refu, barabara ni mbovu. Mhasibu: chukua lenye injini ndogo. Shangazi kwenye simu: chukua jeupe, halishiki joto. Hakuna aliyeniuliza nataka nini. Nami nikiulizwa sijui. Nataka gari litakalowaka asubuhi, lenye vipuri vinavyopatikana, na buti la kumeza sanduku langu. Basi. Mbona ni kama naomba mwezi?

Dada amepita jioni kumchukua mwanawe — Kiroboto, tunavyomwita, maana hatulii. Akatangaza kwamba mambo yake yamenyooka: kwa kuwa Baba ndiye atakayeendesha mpaka nizoee, basi kila asubuhi atamshusha Kiroboto shuleni halafu anifikishe mimi kazini. Nikasema, nani kasema Baba ataendesha? Mimi nina leseni! Nilifaulu mara ya kwanza! Wakanitazama wote kama nimetukana.

"Leseni ni karatasi," Baba akasema. "Barabara ni watu."

Kiroboto alikuwa ananing'inia kwenye kiti anaimba chati yangu. Ile chati ya herufi niliyoibandika ukutani sebuleni nilipokuwa mwanafunzi, nikiwafanyia mazoezi wao wote hadi wakanichoka. Haikutolewa tena, imekaa pembeni mwa kalenda kama picha ya ndugu. Mtoto kajifunzia herufi pale. K! H, V! Z, R, D! Anaiimba yote mpaka chini, amenipa mgongo, mdomo umejaa mkate.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike tu.

Tulikwenda yadi ya magari: mimi, Baba, Mama. Mama hapendi gari, tumbo linamsokota hata safari ya dukani. Leo aling'ang'ania kuja. Baba alikwenda moja kwa moja kwenye gari moja la saluni, kubwa, jeupe, gia za mkono, la ofisi fulani iliyofungwa. Ndugu wa lile alilomwendeshea mkurugenzi. Alilizunguka taratibu, kiganja kikipita juu ya bati kama anampapasa ng'ombe. Akagonga milango. Akanusa ekzosi. Dalali naye kamvika mzee kilemba cha ukoka — "Mzee wangu, wewe si mteja, wewe ni mwalimu!" — na Baba anavimba.

Basi, tulijaribu barabarani. Baba usukani, Mama mbele kushoto. Nilimwomba anipishe nione dashibodi, akakataa kabisa. Mimi na dalali nyuma.

"Kulia wazi!" Baba akatangaza.

"Kushoto wazi," Mama akajibu.

Ndiyo desturi yetu. Aliitoa huko kwenye malori: dereva anatazama upande wake na kutangaza, utingo anatazama wake na kujibu. Bila jibu gari haliondoki. Tulipokuwa wadogo mimi na dada tulipigania kiti cha mbele ili tupate kujibu. Dalali alicheka, akasema hajawahi kuona familia yenye nidhamu hivi.

Kila njia panda, kulia wazi, kushoto wazi. Sawa. Kisha dalali akamwuliza Mama kitu kuhusu viti, na Mama akageuka nyuma kumjibu. Tukafika makutano ya soko kabla hawajatangaziana. Kushoto anakuja mtu kwa baiskeli, kreti za mikate nyuma, shati jekundu — jekundu! — mimi niliyekaa nyuma nimemwona tangu kwenye kona. Nikajua Baba naye kamwona. Atapunguza sasa. Sasa. Sasa.

Hakupunguza.

Nilipiga kelele. Breki. Kreti zikaporomoka barabarani. Yule mtu alisimama mkono juu ya boneti yetu, anahema, hata kutukana hawezi. Baba alishuka, akamsaidia kuokota mikate, akampangusa vumbi kwenye suruali. Akarudi garini. "Hawa wa baiskeli wanajitupa tu," akasema. Mama ametazama mapajani.

Mimi ndiye niliyeshika mkono wa mlango mpaka kucha zikaniuma.

Jumapili, 9 Machi

Sikuvumilia. Baada ya chai nilimwambia Baba akae kwenye kigoda pale mlangoni pa chumba, nimpime. Alikubali bila ubishi, tena kwa mbwembwe. Akafumba la kushoto, akasoma na la kulia. Yote. Akafumba la kulia, akasoma na la kushoto. Yote! Mpaka ule mstari wa chini kabisa ambao mimi mwenyewe huukunjia uso. Kiroboto akampigia makofi, akamtangaza bingwa.

Ah! Nimepumua. Basi ilikuwa bahati mbaya tu, mtu na baiskeli yake. Nina haya. Mpima macho wa juzi tu, namshuku baba yangu aliyenifundisha kuvuka barabara.

Mama alikuwa amesimama jikoni, kitambaa mkononi. Hakupiga makofi.

Jumanne, 11 Machi

Nimeliona gari langu!

Muuguzi wa zamu ya asubuhi anahamia mji mwingine, anauza lake. Dogo, kijivu, milango mitano, otomatiki. Kalinunua mwenyewe, kaliendesha mwenyewe, kalipeleka kwa fundi mmoja tu na risiti zote anazo kwenye bahasha. Sanduku la lenzi limeingia kwenye buti bila kusukumwa. Tulizunguka kituo mara kadhaa. Halina makeke. Linanguruma kidogo likipanda kilima, kama mtu anayeinuka kwenye kochi. Nikalipenda, jamani. Si kwa moyo kupasuka — nililipenda kama unavyopenda viatu visivyobana.

Baba: "Otomatiki? Hilo toroli. Mguu wa kushoto utaupa kazi gani, kuning'inia?" Akasema dereva asiyekanyaga klachi ni abiria aliyekaa upande usio wake. Akaapa hatalishika. Kwake bado ni ile saluni nyeupe au hakuna.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nilimsindikiza mwenzangu kwenye shule moja, nione kazi itakavyokuwa. Watoto kwenye foleni, chati ukutani, mimi na rula naonyesha herufi. Akaja kijana mmoja, macho kayabana kama anatazama jua. Akasoma yote bila kukosea. Nikaandika: mzima. Mwenzangu akaniambia ngoja. Akageuza chati, akatundika nyingine. Yule yule, herufi ya kwanza, kubwa vile — akanyamaza. Hakuiona. Alikuwa amewasikiliza waliomtangulia.

Mwenzangu akacheka, akasema ndiyo maana huwa wanabeba chati mbili, watoto wanakariri.

Nilibaki nimeinua rula, mtoto aliyefuata akisubiri. Mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

K! H, V! Z, R, D!

Nimerudi nyumbani na macho mengine. Mama anatembea kushoto kwa Baba. Siku zote. Nilidhani ni mahaba! Kikombe chake kinawekwa kulia. Remoti kulia. Nilimwita kutoka upande wa kushoto, akageuza kichwa kizima na mabega, ndipo akatabasamu. Haya yote yamekuwa mbele yangu kwa muda gani? Nimesomea nini mimi!

Ijumaa, 14 Machi

Nimeazima chati nyingine kituoni. Imo mkobani, imeviringishwa. Naiogopa kama nyoka.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefanya.

Baba alikuwa ametoka kwa kinyozi, Mama uani anaanika nguo. Nilibandua ile ya zamani. Ukuta nyuma yake ni mweupe kuliko kwingine. Nikabandika mpya pale pale, matundu yale yale ya pini.

Aliporudi nilimwambia nina mtihani wa kazi, nahitaji mtu wa kufanyia mazoezi. Uongo. Akafurahi. "Kapteni yuko tayari!" Akakaa kigodani, mgongo umenyooka. Nikamwambia tuanze na la kushoto, afumbe la kulia kabla ya kugeuka. Akafumba kwa kiganja. Akageuka.

"K," akasema.

Ukutani palikuwa na D. Kubwa kama sahani.

"H, V. Z, R, D."

Sauti yake ile nzuri ya kutangaza. Nilishika rula, nikaonyesha kila herufi kana kwamba inasomwa. Nilipaswa kumsimamisha. Nikasogeza rula tu. Akateremka mstari kwa mstari, hakuruka hata mmoja, na chini kabisa akatania kama kawaida yake: "Na jina la mchapishaji nisome?" Akacheka. Akacheka peke yake.

Akateremsha kiganja.

Nilimwona akiiona. Jicho la kulia lilitua kwenye ile D. Likashuka. Midomo ikatikisika kidogo, anasoma herufi za kweli sasa. Uso wake ukawa wa mtu aliyeitwa mbele ya darasa. Sijawahi kumwona Baba na uso huo, na ni mimi niliyemwekea.

"Karatasi mpya," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Maandishi yake mazuri. Meusi."

Akainuka, akarudisha kigoda mahali pake, akaenda uani. Akagonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango — mlango huo huo anaoupita tangu sijazaliwa.

Nilikaa kwenye kigoda chake nikalia. Nililia kwa sauti, sikujali.

Jumapili, 16 Machi

Mama anajua. Bila shaka anajua! Amejua tangu kabla Baba hajastaafu. Nilimkabili jikoni, yeye anaosha sufuria ambayo imeshatakata.

Alisema ilianza pembeni. Ukungu. Baba akasema ni vumbi, kisha ni uchovu, kisha wakaacha kuisema. Siku hizi akienda kwa jirani mwenye gereji kujaribu magari, Mama humfuata na kisingizio chochote, akae mbele, ajibu kushoto. Tumbo linasokota, anajibu.

Nikamwambia huenda ni presha ya macho. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wagonjwa: kilichokufa hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, mradi awahi. Anakaa hapa anapoteza la kulia huku sisi tunampigia makofi! Na ni ugonjwa wa kurithi, mimi na dada pia tupimwe. Nilipandisha sauti. Mama akafunga bomba.

"Mwanangu, mimi nayajua macho yake kuliko wewe. Ukimtoa kwenye usukani, humtoi kwenye gari. Unamtoa kwenye nyumba hii. Atabaki kivuli kinachokula."

"Na yule mtu wa mikate, Mama?"

Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyenye sabuni. Akaniomba nisimvue nguo baba yangu mbele ya mjukuu. Ngoja, akasema. Ngoja kidogo tu. Na tangu lini Mama akaniomba mimi kitu?

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwekea Baba nafasi kwa daktari mkuu. Nimemwambia uso kwa uso, bila kuzungukazunguka. Tulikuwa barazani, anang'arisha viatu.

Akasema daktari ataandika. Akishaandika, leseni imekwenda. Nikasema, Baba, lakini jicho. Akasema moja linatosha, wapo walioendesha dunia nzima na moja. Nikamwuliza, na kushoto?

"Kushoto nina mama yako."

Akaendelea kupiga brashi. Kiatu kinang'aa hadi kinakera. Nikakaa, nikakosa pa kushika. Kama angefoka ingekuwa rahisi. Alizungumza kwa upole, kama mimi ndiye mgonjwa.

Hataki kwenda.

Jumanne, 18 Machi

Nimekata shauri. Nachukua lile dogo la muuguzi. Otomatiki.

Sababu za kuwaambia watu: halili mafuta, vipuri tele, mwenyewe namjua, sanduku linaingia. Zote za kweli. Ile ya kwangu peke yangu: Baba aliapa hatalishika. Atalicheka, ataliita toroli, atakaa nyumbani na heshima yake. Hakuna atakayemwambia hawezi. Yeye ndiye hataki! Mama anabaki na mume wake, Baba anabaki na kiburi chake, na makutano ya soko yanabaki salama. Kisha taratibu nitamvuta kwa daktari.

Nimechagua gari kama mtu anavyochagua kufuli. Daktari mkuu aliniuliza kama nimepata la akili. Nikasema nimepata. Najiona mjanja.

Ijumaa, 21 Machi

Siamini. Siamini!

Dada kanipigia simu kazini anacheka. Eti nimesikia vituko vya Baba? Siku tatu hizi yuko kwa jirani wa gereji anajifunza otomatiki! Kaazima gari la mteja, wanazunguka uwanja. Alimwambia jirani kwamba mtoto keshanunua toroli lake, basi, na yeye hawezi kumwacha barabarani peke yake kwa sababu ya mguu mmoja.

Dada anasema hajawahi kuona baba anayempenda mtoto namna hiyo. Alinisikia nikilia, akadhani ni furaha.

Nikamwambia: dada, Baba haoni kushoto. Nilisema kabisa, nikiwa kwenye stoo ya miwani, mlango nimefunga. Akasema nisianze mambo yangu ya kitabibu. Baba haoni? Juzi si alisoma chati yote, Kiroboto kamwambia? Kama nataka gari liwe langu peke yangu, niseme tu, nisimsingizie mzee ugonjwa.

Akakata. Nimempigia mara tatu, hapokei.

Jumapili, 23 Machi

Gari liko nyumbani. Nimeliendesha mwenyewe kutoka kwa muuguzi. Nilipokata kona ya kwetu nikamwona Baba amesimama katikati ya geti, ananielekeza kwa mikono miwili kama ndege inatua. Njoo. Njoo. Kidogo. Simama. Nilisimama pale aliposema. Lilikaa sawa sawa katikati ya nguzo. Bado anajua kila kitu isipokuwa asichokiona.

Hakulicheka. Nilisubiri alicheke! Alilizunguka, kiganja juu ya bati. Kwenye kona ya mbele kushoto kiganja kilipotea hewani, kikarudi, kikapata taa. Mama alitazama juu ya paa la nyumba. Dada alikuja, kanisalimia shingo upande. Kiroboto kapanda viti vyote, kapiga honi mpaka majirani wakatoka.

"Kesho saa moja kamili," Baba akasema. "Mtoto shule, wewe kazini. Nimeshapanga njia."

Njia hiyo inapita makutano ya soko.

Nilisema, Baba, kesho nitaendesha mimi. Nilisema mbele yao wote. Akacheka, akanipigapiga begani. "Utaendesha, mama. Ukishazoea." Na dada akanitazama, na Mama akanitazama. Kila mmoja ananiomba kimya cha namna yake. Nikanyamaza. Nimenyamaza! Ufunguo nimelala nao chini ya mto, kama mwizi.

Jumatatu, 24 Machi

Niko ndani ya gari. Sijawahi kuandika nje ya chumba changu. Daftari lipo mapajani, ndani ya faili la kazi, Baba anadhani nakagua majina ya wagonjwa. Mwandiko unakwenda hovyo, haidhuru. Nisiposhika kalamu nitashika kitu kingine.

Nilipotoka nilimkuta ameshakaa; milango sikuifunga jana. Koti la kazi, vifungo mpaka shingoni. Kalifuta gari, lina maji bado kwenye vioo. Kiti kasogeza nyuma, kioo cha kati kakirekebisha. Kioo cha kushoto hakukigusa, kinatazama mawingu. Mlango wa kushoto kaniachia wazi. Mama yuko barazani, kajifunga khanga kiunoni, haji. Leo hakuja. Nilipompita aliniambia kwa sauti ndogo kwamba tumbo limemshinda, sasa nimwitikie mimi.

Kwa hiyo anataka nirithi kiti.

Nimekaa. Ufunguo uko kwenye ngumi yangu ya kushoto, meno yake yananichoma. Baba kanyoosha mkono kuuomba. Nikasema subiri, Baba, naandika kidogo. Kasubiri. Ana subira ya madereva, mikono yote miwili juu ya usukani, anatazama mbele kama bosi yuko nyuma.

Dada kamleta Kiroboto, kambusu, kaondoka mbio bila kunitazama. Kiroboto kaja anarukaruka, mkoba mkubwa kuliko mgongo. Hakuingia. Kamba ya kiatu imefunguka. Amechuchumaa kuifunga — pale mbele, kona ya kushoto, karibu na tairi. Naona utepe wake wa nywele tu, unapanda na kushuka juu ya boneti.

Baba hajauliza mtoto yuko wapi. Kasikia Mama akifunga mlango wa nyumba, labda kadhani ni wa nyuma wa gari.

"Kulia wazi," ametangaza.

Sikujibu.

"Kulia wazi!"

Nilishapigania kujibu hili. Niliwahi kumng'ata dada kwa ajili ya kujibu hili. Maneno mawili tu na Kapteni ataendelea kuwa Kapteni, na kesho tena, na kesho kutwa, mimi kushoto kwake maisha yangu yote. Jasho linadondoka kwenye karatasi. Utepe bado unapanda na kushuka. Anafunga fundo, linafunguka, anafunga tena.

Baba ameteremsha mkono mmoja kutoka kwenye usukani. Sasa amegeuza kichwa, kizima, na mabega, mpaka nimeingia kwenye jicho lake la kulia. Ananitazama mimi, hatazami dirisha. Na amesema, si kwa sauti ya kutangaza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake —

"Kuna nini kushoto, mama?"